JE, WAJUA? Gavana wa siku 103

Je, wajua kwamba kijiji cha Shopiere, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kina kibao cha kumbukumbu ya gavana aliyeongoza siku 103 tu? Ni Louis Powell Harvey. Aliapishwa Januari 6, 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Kufikia Aprili 19 alikuwa marehemu.

Je, wajua alikuwa mwenye duka hapo hapo kijijini? Tena hakupatana na ulevi: alibomoa kiwanda cha pombe kali na mahali pake akajenga kinu cha unga kilichoendeshwa kwa maji ya mto. Bila shaka si kila mnywaji alimpigia kura.

Je, wajua kwamba hakufa kwa risasi? Baada ya mapigano ya Shiloh, Aprili 6 na 7, yaliyoacha watu zaidi ya 23,000 wakiwa wameuawa, kujeruhiwa au kupotea, Harvey alifunga safari hadi Tennessee akiwa na dawa na mahitaji ya majeruhi wa jimbo lake. Alizunguka hospitalini, akawapa mikono vijana waliolala chini. Kazi ilikwisha salama. Balaa lilimngoja njiani: usiku, huko Savannah, alipokuwa akivuka kutoka meli moja ya mvuke kwenda nyingine, mguu uliteleza, akatumbukia mtoni. Maiti yake iliokotwa takriban wiki mbili baadaye, zaidi ya kilomita 100 chini ya mto.

(Savannah hiyo ni ya Tennessee. Ile mashuhuri iko Georgia.)

Je, wajua kwamba Wisconsin ilikuwa na magavana watatu katika mwaka huo mmoja? Alexander Randall alimkabidhi Harvey, na Harvey alipozama, kiti kikamwangukia naibu wake, Edward Salomon, mzaliwa wa Prussia.

Je, wajua kwamba vibao rasmi vya Wisconsin hubeba juu yake sanamu ya mnyama wa ukoo mmoja na nyegere wetu? Wachimba risasi wa zamani walijichimbia mashimo vilimani ili wajikinge na baridi, watu wakawafananisha na mnyama huyo, jina likanata kwa jimbo zima. Risasi hiyo ni madini, si ya bunduki.

Na mjane je? Hapa ndipo hadithi inapokolea. Cordelia Harvey angeweza kukaa na eda yake nyumbani. Badala yake, mwaka huo huo wa 1862, aliteuliwa kuwa wakala wa jimbo wa kuhudumia askari wagonjwa, akashuka kando ya mto Mississippi, hospitali baada ya hospitali. Aliona wengi wakimalizwa na homa na joto la kusini, si na majeraha. Mwaka 1863 alimfuata Rais Abraham Lincoln mwenyewe Washington, akidai hospitali zijengwe kaskazini. Lincoln alikataa: askari wakikaribia kwao, watatoroka. Mama akarudi tena. Na tena. Mwishowe rais akasalimu amri.

Hospitali ya Madison, huko Wisconsin, ikaitwa Harvey, kwa jina la mumewe. Vita vilipokwisha, Cordelia hakuliacha jengo lifungwe: mwaka 1866 likafunguliwa kama makazi ya yatima wa askari.