Somo la Seva: Kubadili Mlinzi Bila Kuharibu Daftari

Somo lililopita tulieleza seva: kompyuta itunzayo madaftari ya ofisi na kuzijibu kompyuta nyingine. Leo tutazame seva mbili zifanyazo kazi moja, na namna ya kubadili programu izilindayo.

Mnalijua bomba kuu la HTM, lililojengwa miaka ya 1970 ili kupeleka Handeni maji ya mto Pangani kutoka Korogwe. Tuseme ofisi moja ya maji ina seva mbili za ankara. Ya Korogwe inaandika. Ya Handeni inanakili kila mstari na kungoja. Ya Korogwe ikizimika, ya Handeni hushika kalamu, na mtu aliye dirishani na fedha zake hatambui lolote.

Nani huiambia ishike kalamu? Ni programu ya ulinzi. Moja ya zamani ni Heartbeat, maana yake pigo la moyo. Kila seva hutuma ishara ndogo mara kwa mara. Mwenziwe asipoisikia huhesabu kwamba imekufa. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 ikatumika sana. Lakini katika namna yake ya kwanza ilijua seva mbili tu, tena ilisikiliza kama mashine i hai, haikuangalia kama kazi inaendelea. Karani aweza kupumua huku amelala juu ya daftari! Ndipo mafundi wakahamia Pacemaker, ambayo hukagua kazi yenyewe, ikisaidiwa na Corosync ipelekayo habari kati ya seva. Toleo la 2.0 la Pacemaker, la mwaka 2018, liliacha kabisa kushirikiana na Heartbeat.

Wengi wakihama huogopa kufunga dirisha kwa saa moja. Hilo ni dogo. La kuogopa ni seva zote mbili kuwa hai bila kusikizana. Kila moja husema, "Mwenzangu amekufa," ikashika kalamu. Korogwe yamwandikia mama mmoja stakabadhi namba 41. Handeni yamwandikia mwenye duka namba 41 hiyo hiyo. Wakisikizana tena, daftari lipi ni la kweli? Programu haiwezi kujua, na mmoja wao atadaiwa fedha alizokwisha kulipa. Wakati wa kuhama hatari hii i karibu sana, kwa kuwa mlinzi wa zamani na mlinzi mpya hawajui lugha moja.

Kwa hiyo, kwanza nakilini daftari, mkajaribu kulifungua nakala yake. Andikeni kwenye karatasi utaratibu wa zamani: kipi huanza, kipi hufuata. Kisha tangazeni kufunga, mkamsimamishe mlinzi wa zamani pande zote mbili, na kumzuia asiamke tena. Hili la mwisho husahauliwa. Umeme hukatika usiku, ukarudi, naye akaamka pamoja nao. Ndipo mwasheni mlinzi mpya katika hali ya matengenezo, ambamo hutazama bila kugusa. Taarifa zake zikiwa sawa, mpeni kazi.

Tena wekeni shahidi wa tatu, kompyuta ndogo isiyo na daftari. Tuseme pale Segera, penye njia panda. Wawili kati ya watatu ndio wengi. Seva isiyosikia mwingine yeyote huweka kalamu chini. Ikiwa imekwama, kifaa cha saa kilichomo ndani yake huizima na kuiwasha upya. Mwenziwe hungoja muda huo upite kabla ya kuandika. Mafundi wengine hukiondoa kifaa hicho kwa kuwa huwasumbua siku ya kwanza. Mimi naona hao wamenunua kufuli na kuuacha ufunguo mlangoni.

Kabla ya kufungua dirisha, chomoeni waya makusudi mwone.

Zoezi la kikundi: Korogwe haisikii Segera wala Handeni, lakini Handeni na Segera zasikizana. Nani ataandika stakabadhi namba 42, na atangoja nini kwanza? Karani wa kikundi aandike jibu, tulijadili katika somo lijalo.