Kidirisha cha Kupima Mtandao: Kipi Ulipie, Kipi Usilipie

Kwenye steshenari ya Kayanga au Nkwenda, mteja anajaza maombi ya mkopo wa HESLB au ya cheti cha kuzaliwa RITA, mara ukurasa unaganda. Tatizo ni ruta, laini au seva ya mbali? Kidirisha kidogo pembeni mwa skrini, kinachogeuka kijani au chekundu, kitakuonyesha pa kuanzia. Usikilipie kabla ya kujaribu cha bure.

Windows ina kipimo tayari. Fungua dirisha la amri, andika ping -t 8.8.8.8, nayo itaigonga seva ya Google mpaka uisimamishe. Haina urembo, lakini kwa leo inatosha.

Ukitaka rangi na kumbukumbu ya saa mtandao ulipokatika, skripti fupi inatosha. PowerShell imo ndani ya Windows, hupakui kitu. Python ni ya bure pia na inafaa kompyuta ya zamani yenye Linux, ila kwenye Windows kuipakua kunakula makumi ya megabaiti.

Skripti ipime vitu vitatu: ruta yako, anwani ya namba na jina la tovuti. Ruta haijibu? Kagua waya na umeme. Ruta inajibu lakini namba haijibu? Angalia salio la bando, kisha mtandao wenyewe. Namba inajibu, jina halijibu? Rekebisha mpangilio wa DNS, unaogeuza jina la tovuti kuwa namba, usinunue bando jingine. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, vocha mpya isingeokoa kazi ya mtu.

Sasa bando. Pingi moja ya Windows pamoja na jibu lake ni kama baiti 120. Ukipiga pingi moja kila sekunde 5 kwa saa 10, hufikishi MB 1 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni kama MB 22. Tuseme GB 1 umeinunua kwa shilingi 2,000, basi ni shilingi 45 hivi kwa mwezi. Lakini skripti inayofungua ukurasa wa MB 2 kila dakika inakula MB 1,200 kwa siku moja. Muulize fundi anayekuandikia skripti anatumia njia ipi.

Na muulize mengine: bei ni pamoja na nauli ya bodaboda kutoka Omurushaka? Akirudi kurekebisha, unalipa tena? Atakuachia faili la skripti linalosomeka? Faili lililofungwa huwezi kulibadilisha, na programu ya kuzuia virusi inaweza kulikataa. Windows huzuia skripti za PowerShell mwanzoni. Huo ni mpangilio wa dakika chache, usitozwe kama ubovu.

Programu za kulipia kila mwezi ziache. Nyingi zinalipwa kwa dola kupitia kadi, kwa hiyo utabeba pia tofauti ya ubadilishaji na makato ya benki. Hela hiyo inunue laini ya pili ya mtandao mwingine. Wilaya za Karagwe na Kyerwa ni nchi ya vilima. Laini inayoshika vizuri Kayanga inaweza kusumbua bondeni. Weka bando la siku kwenye kila laini, pima kwa kidirisha chako pale dukani, linganisha saa zilizokatika, ndipo ulipie la mwezi kwenye iliyoshinda.

Walio Murongo na vijiji vya mpakani wawe macho zaidi. Modemu inaweza kushika mnara wa Uganda au Rwanda, na kidirisha kitabaki kijani huku ukitozwa bei ya nje, kwa sababu pingi haijui mnara ni wa nani. Ingia kwenye mipangilio ya modemu, zima romingi, kisha ndipo uweke vocha.