Uji Mchachu Haukuja Kuondoa Tembe

Msomaji aliyelelewa katika boma la wazee, iwe Nkubu, Chuka au Runyenjes, hahitaji kuelezwa uji mchachu ni kitu gani. Huko Meru kuna ule uitwao kirario, utengenezwao kwa mahindi mabichi na nafaka ndogo za jamii ya mawele na wimbi, ukaachwa uchache kabla ya kuletwa mezani. Wageni hukunja uso wanapouonja mara ya kwanza. Wenyeji huongezwa kikombe cha pili bila kuulizwa. Mwaka 2009 wataalamu wa vyakula nchini waliandika makala ya kisayansi kuhusu kirario hicho, wakafuatilia jinsi ukali wake unavyopanda na vijidudu vinavyouchachisha. Kwa hivyo asije mtu akasema kwamba jambo hili ni porojo za vikongwe.

Hata hivyo, nimeshika kalamu leo kwa sababu ya mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye nitamsitiri jina. Tulifundisha pamoja kwa miaka kadhaa katika shule moja iliyo kando ya barabara itokayo Meru kuelekea Embu. Kwa muda wa karibu miaka miwili mwenzangu huyo alisumbuliwa na kuhara, tena choo chenye damu na kamasi. Kila alipokwenda zahanati aliambiwa ana amiba, akapewa dawa za amiba. Zilipokosa kumfaa aliambiwa ni homa ya matumbo, akapewa za homa ya matumbo. Ninavyokumbuka, choo chake kilipimwa mara moja tu katika kipindi chote hicho. Alikonda hata wanafunzi wakaanza kunong'onezana mambo ambayo wanafunzi hunong'onezana wanapomwona mwalimu amekonda.

Hatimaye alipata rufaa hadi Nairobi, akapitishiwa ule mpira mwembamba wenye taa na kamera unaomulika utumbo mpana, na nyama kidogo ikakatwa ikachunguzwe. Jibu lilikuwa kolaitisi ya vidonda. Alipewa tembe za mesalazini na, kwa majuma machache, za prednisoloni. Baada ya miezi miwili alikuwa mtu mpya. Mama yake mzazi, kwa mapenzi ya mzazi, alikuwa akimletea uji mchachu kila asubuhi. "Mwanangu, tumbo linataka kile lilichokizoea," alimwambia. Mwenzangu aliponipa habari hizo alikuwa akicheka, na nikacheka naye. Kile ambacho hakuniambia, na ambacho hakumwambia daktari pia, ni kwamba tembe alikwisha kuziacha. Zilikuwa ghali, naye alijiona mzima, na uji ulikuwa ukimpendeza. Muhula wa tatu, tukiwa katikati ya kusahihisha mitihani, damu ilirudi kwa wingi hata akalazwa na kuongezewa damu ya watu wengine.

Alipotoka hospitalini aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku hiyo: "Mwalimu, uji ulikosa nini?"

Nimelitafuta jibu tangu wakati huo, nami nakiri kwamba mimi si tabibu. Lakini swali hili lawahusu wengi, na walimu ndio wanaoulizwa kila jambo kijijini.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Wataalamu huzungumzia maradhi mawili makuu katika kundi hili. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo hushika utumbo mpana na kuuchubua ngozi yake ya ndani. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Huu waweza kushika mahali popote tangu kinywani hadi njia ya haja kubwa, na huchimba kuta za utumbo kwa kina. Katika yote mawili, askari wa mwili, wale wanaopaswa kupigana na vimelea, hugeuka na kuushambulia utumbo wa mwenye mwili. Chanzo hakijajulikana barabara, ila yaaminika kwamba urithi, mazingira na ile jamii kubwa ya bakteria wanaoishi tumboni vyote vina mkono. Ni maradhi ya kudumu. Hutulia, yakarudi, yakatulia tena. Kutulia kwake si kupona, na hapo ndipo mwenzangu aliponaswa.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya upasuaji Mulago nchini Uganda, alishikilia kwamba mlo wa Mwafrika wa mashambani, wenye makapi na nyuzinyuzi nyingi, ndio uliomkinga na maradhi mengi ya utumbo. Alikuwa na hoja, na mpaka leo inaheshimiwa. Lakini nadra si sawa na hakuna. Mwaka 1966 madaktari wa huko huko Uganda walichapisha habari za Waafrika wanne waliougua kolaitisi ya vidonda. Tangu hapo wengine wengi wamegunduliwa katika Afrika Mashariki, hasa palipo na vifaa vya kumulika utumbo. Ugonjwa usiotafutwa hauonekani.

Na hapa pana mtego wa pande mbili. Amiba wapo, tena huleta choo cha damu kama hicho hicho. Kifua kikuu nacho hushika utumbo, kikafanana mno na ugonjwa wa Crohn. Anayetibiwa amiba ilhali ana kolaitisi atapoteza miaka, kama mwenzangu. Lakini anayepewa prednisoloni ilhali ana amiba au kifua kikuu cha utumbo aweza kupoteza maisha, kwa kuwa dawa hiyo huwafunga mikono askari wa mwili huku adui akiwa ndani. Ndiyo maana kubahatisha hakufai, si kwa daktari wala kwa bibi mwenye kibuyu.

Sasa tuje kwenye bakteria rafiki, ambao wataalamu huwaita probiotiki. Wazo hili lina zaidi ya karne moja. Ilya Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliamini kwamba maziwa ya mgando yalirefusha maisha ya wakulima wa Bulgaria. Mwaka 1917, Vita Vikuu vya Kwanza vikiendelea, daktari Mjerumani Alfred Nissle alitenga bakteria kutoka kwa askari mmoja ambaye hakuugua kuhara ilhali wenzake waliugua. Bakteria huyo angali anatengenezwa kama dawa mpaka leo, akiwa na jina la Nissle. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wagonjwa 327 ambao kolaitisi yao ilikuwa imetulia waligawanywa: wengine walipewa bakteria wa Nissle, wengine mesalazini, kwa miezi 12. Katika kila kundi, takriban mmoja kati ya watatu ndiye aliyerudiwa na ugonjwa.

Msomaji mwepesi atarukia hapo na kusema, basi tembe za nini? Pole pole. Huyo ni bakteria mmoja anayejulikana kwa nasaba yake, aliyehesabiwa, akafungwa katika kidonge, akamezwa na wagonjwa wasimamiwao na madaktari. Hakuna aliyepima uji wa Runyenjes kwa njia hiyo.

Utafiti unaotuhusu zaidi ni ule wa Italia uliochapishwa mwaka 2010, kwa sababu huo haukuondoa dawa. Wagonjwa 144 wa kolaitisi isiyo kali sana waliendelea na tembe zao za kawaida. Nusu yao wakaongezewa mchanganyiko wa bakteria wa aina nane, bilioni 3,600 kwa siku, na nusu wakaongezewa unga mtupu. Baada ya majuma manane, takriban sita katika kila kumi wa kundi la kwanza walikuwa wamepata nafuu ya nusu ya ugonjwa au zaidi, wakati katika kundi la pili walikuwa takriban wanne katika kumi. Ni faida. Lakini walipohesabiwa wale ambao ugonjwa wao ulitulia kabisa, tofauti ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo kiasi kwamba yaweza kuwa bahati tu. Mwaka 2020 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kupepeta tafiti kama mama apepetavyo mtama, lilisema kwamba kuongeza probiotiki juu ya dawa za jamii ya mesalazini huenda kukasaidia kidogo katika kolaitisi, na kwamba ushahidi wenyewe ni hafifu. Kuhusu ugonjwa wa Crohn halikuona ushahidi wa kutosha kusema lolote. Mwaka huo huo chama cha wataalamu wa tumbo cha Marekani kilishauri kwamba katika maradhi haya mawili probiotiki zitumiwe ndani ya utafiti tu.

Jambo moja katika usomaji wangu lilinifurahisha kuliko yote, nami ningependa walimu wa kemia na biolojia walipeleke darasani. Kabla ya mesalazini kulikuwa na salfasalazini, dawa iliyobuniwa na daktari wa kike wa Uswidi, Nanna Svartz, na ambayo ingali inatumiwa kwa kuwa ni nafuu. Tembe hiyo ni vitu viwili vilivyounganishwa. Hufika katika utumbo mpana ikiwa bado imefungamana, na wanaoikata kifungo chake ili sehemu inayotibu ipate kufanya kazi ni bakteria waishio humo. Bila bakteria, dawa ingepita kama jiwe. Basi wanaotuambia tuchague kati ya dawa ya kizungu na vijidudu vya tumboni wanatutaka tutenganishe vitu ambavyo vimekuwa vikishirikiana tangu miaka ya 1940.

Turudi kwenye swali la mwenzangu. Uji ulikosa nini? Kwa maoni yangu, jibu la kwanza limo jikoni. Uji wetu mwingi huchachishwa ukiwa mbichi, kisha hupikwa. Moto huua takriban bakteria wote. Unachokunywa ni chakula chema, chepesi kwa tumbo, chenye ladha na asidi iliyoachwa na bakteria, lakini wao wenyewe wamekwisha kufa. Nchini Uganda, mradi wa Yoba uliwafundisha wenye viwanda vidogo vya maziwa kuchemsha kwanza, wakaacha yapoe, ndipo wakatia hamira yenye bakteria anayejulikana. Mjini Mwanza, tangu mwaka 2004, kikundi cha akina mama kilitengeneza mtindi wa namna hiyo kwa kushirikiana na watafiti. Miradi hiyo haikulenga kolaitisi, wala sisemi kwamba mtindi wao unaitibu. Nasema tu kwamba walijua ni bakteria gani waliyemtia ndani ya chungu.

Jibu la pili ni kwamba uji haukukosa kitu. Ulipewa kazi isiyo yake. Mama mzazi hakumwambia binti yake aache tembe. Alimletea chakula. Sisi ndio tuliozoea kufikiri kwamba kikija kimoja ni lazima kingine kiondoke, kama kwamba tumbo lina kiti kimoja.

Wapo pia waganga wa hospitalini wanaostahili lawama kidogo. Mgonjwa akitaja uji au maziwa ya mgando hukatizwa kwa dharau, na siku nyingine hataji tena. Siku atakapoacha tembe hatasema. Laiti mwenzangu angaliulizwa kwa upole anakunywa nini nyumbani, yamkini angalieleza mengine pia. Na yako mambo ambayo daktari anahitaji kuyajua. Mtu anayetumia prednisoloni kwa wingi, au azathiopirini, kinga yake imeshushwa. Bakteria hai wa kidonge au wa kibuyu, ambao kwa mtu mzima ni rafiki, kwake yeye waweza mara chache kuingia katika damu. Maziwa yasiyochemshwa yana hatari ya brusela hata kwa mwenye afya. Na mahindi yaliyoota ukungu hayasafishwi kwa kuchachishwa: mwaka 2004 sumu ya ukungu iliua watu 125 katika nchi hii, wengi wao wa Makueni na Kitui, ambako si mbali na kwetu.

Meru kuna chuo kikuu pale Nchiru, na Embu wana chao. Vyote viwili vina maabara na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Ningefurahi kusoma siku moja kwamba mmoja wao amechukua kirario, akaorodhesha bakteria wake kwa majina, akajua wangapi wanabaki hai kikombe kinapofika mezani, kisha akakaa na madaktari wa tumbo kuona kama kuna mmoja anayestahili kujaribiwa pamoja na tembe. Hata likipatikana jibu la hapana, litakuwa jibu letu, si la Italia wala la Ujerumani. Kwa sasa wauzaji wa vidonge vya bakteria wanapita katika masoko yetu wakiahidi kuponya kila tumbo, bila kutaja aina ya bakteria wala idadi yake, tena kwa bei inayopita ya salfasalazini.

Mwenzangu angali anafundisha. Nilipomtembelea mwisho ilikuwa saa nne, wakati wa mapumziko. Alifungua mkoba akatoa tembe zake, akazimeza kwa maji mbele ya walimu wote bila kujificha. Kisha akafungua chupa ya chai, akamimina uji wa mama yake, akaniuliza kama nami nitakunywa.