Kumuuguza Kijana Mwenye Saratani



Mazungumzo yetu ya leo yahusu saratani inapompata kijana, ambaye si mtoto tena wala hajawa mtu mzima, na hasa yawahusu jamaa wanaomuuguza. Saratani zina namna nyingi. Ili maneno yetu yasitawanyike tutaichukua moja, saratani ya damu, ile ianzayo kwa ghafla na kwenda kwa haraka.

Damu ya mwanadamu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Humo hutoka chembe nyekundu zinazochukua hewa mwilini, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu vya maradhi, na chembe ndogo zinazogandisha damu mtu anapojikata. Katika maradhi haya chembe nyeupe changa, zisizopevuka, huzaliana pasipo kiasi na kuujaza uboho, hata chembe njema zikakosa mahali. Ndipo kijana hupauka, huchoka kwa kazi ndogo, hushikwa na homa isiyokwisha, fizi zake hutoka damu, na mifupa humuuma usiku. Homa, uchovu na kupauka ni dalili za malaria pia, na kwa sababu hiyo wengi hutibiwa malaria mara mbili au tatu kabla ya mtu kufikiri kuipima damu yote. Kijana aliyemaliza dawa ya malaria, homa ikamrudia, naye amepauka na kuvia damu chini ya ngozi, apelekwe hospitali kubwa pasipo kungoja.

Maradhi haya hayaambukizi, wala kwa sahani, wala kwa kikombe, wala kwa kulala kitanda kimoja. Tena hapana haja ya kumtafuta jirani aliyetupa jicho la husuda. Nyumba nyingi zimepoteza miezi katika uchunguzi wa namna hiyo, na miezi hiyo ndiyo mgonjwa aliyokuwa akiihitaji.

Wako wasemao kwamba maadamu siku ya mtu imekwisha kuandikwa, kumchoma kijana sindano kwa miaka miwili ni kazi bure. Msemaji huyo huyo akishikwa na njaa hula, wala hangoji kadari imshibishe. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu. Basi yatupasa kuijua tiba yenyewe ilivyo.

Mwaka 1948 tabibu Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza kwamba watoto kadha wenye saratani ya damu walipata nafuu kwa dawa, ingawa nafuu ile haikudumu. Kabla ya hapo ugonjwa huu ulikuwa ukiua kwa majuma au miezi michache. Tangu wakati huo matabibu wamejifunza kuziunganisha dawa kadha pamoja. Moja yao, vinkristini, hutokana na mmea mdogo wenye maua ya waridi au meupe, ambao asili yake ni Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini, na ambao hupandwa kuwa pambo katika nyua nyingi za kwetu. Tumeutaja mmea huu kwa ajili ya wale wanaosema dawa za hospitali ni sumu ya wageni na mitishamba ndiyo salama. Mmea ni huo huo. Tofauti ni kwamba hospitali hupima dawa yake kwa miligramu, na majani yake yakichemshwa nyumbani huweza kumdhuru mtu vibaya.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani za namna mbalimbali. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato kidogo hawafiki 30. Mwaka 2018 Shirika hilo lilianzisha mpango wa kuifikisha hesabu hiyo walau 60 kwa 100 ulimwenguni kote ifikapo mwaka 2030. Sababu za tofauti hii ni nyingi, kama vile kuchelewa kuugundua ugonjwa, upungufu wa dawa, na umbali wa hospitali. Lakini moja imo mikononi mwa jamaa wenyewe, nayo ni kuacha matibabu katikati.

Hebu tutazame namna jambo hili linavyotokea. Familia ya Kilwa au Newala imemleta kijana wa miaka 15 Muhimbili, Dar es Salaam. Katika mwezi wa kwanza hupewa dawa kali, na mwisho wa mwezi huo, akijaliwa, kipimo cha uboho hakionyeshi tena chembe za saratani. Homa imekwisha, rangi imerudi, anacheka. Mama ameacha wadogo zake kwa jirani, baba ameuza ng'ombe au ameazima nauli, na msimu wa kupanda umewadia. Je, kuna baya gani kurudi nyumbani? Baya ni kwamba chembe zisizoonekana kwa darubini zingali zimo, kwa maelfu elfu, na zikiachwa huzaliana upya. Ugonjwa unaorudi ni mgumu zaidi kutibika kuliko ule wa kwanza. Ndiyo sababu tiba yote huchukua miaka 2 hadi 3, sehemu kubwa yake ikiwa ni vidonge vya kunywa nyumbani.

Kwa hiyo safari hii haifai kubebwa na mama peke yake. Jamaa na wakae tangu juma la kwanza wagawane: nani atalala hospitali na nani atampokea, nani atawaangalia watoto waliobaki, nani atalima shamba. Wenye siha watoe damu, kwa kuwa mgonjwa ataihitaji mara nyingi. Mwanamume huweza kutoa kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Aliyekwama kwa nauli au mahali pa kufikia asione haya kumwendea afisa wa ustawi wa jamii hospitalini kabla hajaamua kuondoka. Na wenye mali wakumbuke kwamba fukara na mwenye deni ni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Baba aliyekopa ili amtibu mwanawe hapaswi kutafutwa mbali.

Kisha liko suala la ukweli. Kwetu ni desturi kumficha mgonjwa jina la ugonjwa wake, tukidhani twamhurumia. Mtoto wa miaka minne aweza kupumbazwa. Kijana wa miaka 15 hasemeshwi uongo siku mbili. Husoma kibao cha wodi, husikiliza wagonjwa wenzake, huona macho ya mama yake. Akishaujua ukweli kwa njia hiyo, huwa peke yake nao, wala hataamini tena neno la mzazi wala la tabibu. Rai yetu ni kwamba aambiwe, na mtu anayemwamini, kwa maneno mepesi: jina la ugonjwa, muda wa tiba, na kwamba inatibika ingawa hapana awezaye kumpa dhamana. Aachwe aulize. Aruhusiwe kuzungumza na tabibu faragha, na binti apewe sitara anapopimwa, kwa kuwa haya ya umri wake haikuondoka kwa sababu ya ugonjwa. Hata sindano ya uti wa mgongo, inayoogopwa sana kwa uvumi kwamba hupooza, huvumilika zaidi aelezwapo sababu yake: dawa zipitazo katika damu hazifiki vizuri kwenye ubongo, basi hupitishwa katika maji yanayouzunguka uti.

Jambo lingine linalowashangaza wazazi ni ghadhabu. Kijana mpole huanza kufoka, hula mara tano kwa siku, uso unavimba, usiku halali. Baba husema mtoto ameharibika tabia. Aghalabu ni dawa iitwayo prednisoloni, ambayo yafanya hivyo hasa, na hali hiyo hupungua ipunguzwapo dawa. Isipunguzwe nyumbani bila amri ya tabibu.

Nywele hudondoka kiasi cha majuma mawili au matatu baada ya kuanza dawa, nazo huota tena. Binti mwenye ushungi husitirika mbele ya watu, lakini kilio chake ni mbele ya kioo, na hapo ndipo dada na mama wanapohitajika. Kwa mvulana, tumesikia nyumba ambako baba na ndugu walinyoa vichwa vyote siku moja. Halikuwa jambo la fatwa, ila kijana alikwenda msikitini siku hiyo.

Lililo kubwa kuliko nywele ni homa. Dawa hizi hupunguza pia chembe nyeupe zilizo njema, na kwa siku kadha mwili hauna walinzi. Joto likifika digrii 38, usiku au mchana, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Asipewe panadoli na kuambiwa alale mpaka asubuhi, kwa maana kidonge hicho huficha homa huku vijidudu vikienea. Chakula kiwe kimepikwa sasa hivi na kuiva sawasawa, maji yawe yamechemshwa, mikono ioshwe. Kumzuru mgonjwa kuna thawabu kubwa, walakini mwenye mafua au kikohozi na atume salamu tu.

Na Ramadhani? Kijana mcha Mungu huona uchungu wenzake wakifunga. Qur'ani, katika Suratul Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na dawa hizi zahitaji maji mengi ili figo zizitoe mwilini. Kwa mgonjwa wa namna hii kukataa ruhusa si uchamungu. Vivyo hivyo mwenye bomba la sindano mkononi, ambaye maji yatamdhuru, yuko katika hukumu ya kutayamamu, na asiyeweza kusimama huswali ameketi au amelala.

Baadaye huja miezi ya vidonge vya nyumbani, na hapa ndipo vijana wengi hulegea, kwa kuwa wamechoka na wanajiona wazima. Kimoja hunywewa kila siku. Kingine, methotrekseti, kwa kawaida hunywewa mara moja tu kwa juma, na kukinywa kila siku huweza kuua. Siku yake iandikwe ukutani. Mzazi akivikuta vidonge chini ya godoro asianze kwa fimbo. Aulize ni kipi kinachomtapisha, au ni nani aliyemcheka shuleni, kisha akae naye kila usiku mpaka kidonge kimemezwa, hata kama kijana atakunja uso. Mwalimu aelezwe, ili siku za kliniki zisihesabiwe utoro.

Ndugu zake waliobaki nyumbani nao wapewe saa yao. Mdogo wa miaka minane huweza kudhani kwamba ugomvi wake na kaka yake ndio ulioleta ugonjwa, na hasemi mpaka aulizwe.

Tiba ikimalizika, kliniki haimaliziki papo hapo. Damu hupimwa kila baada ya muda uliopangwa, kwa miaka. Wakati huo kijana atakuwa na miaka 18 hivi. Kadi na jina la kila dawa aliyopewa vikae mkononi mwake, na siku ya kliniki aingie yeye kwa tabibu, mama akingoja kwenye benchi.