Sabuni ya maji: upike lita 20 au lita 100 kwa mkupuo?

Leo tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunakifanya kila siku bila kujua kina jina: kuzalisha kwa mafungu. Yaani unatengeneza idadi fulani ya bidhaa za aina moja kwa pamoja, zote zinamaliza hatua ya kwanza ndiyo zinaenda ya pili. Fungu likiisha unasafisha vyombo, unaanza lingine, labda la bidhaa tofauti kabisa. Mama wa maandazi anafanya hivyo. Mpika sabuni anafanya hivyo. Kiwanda cha mikate nacho ni hivyohivyo, wametuzidi ukubwa wa oveni tu.

Kuna njia nyingine mbili. Fundi wa gauni la harusi anashona moja, kwa vipimo vya mtu mmoja. Halafu kuna kiwanda kama cha Twiga pale Wazo Hill, ambapo tanuri la saruji linafanya kazi usiku na mchana, mawe yaliyosagwa yanaingia huku na klinka inatoka kule, hakuna habari ya "fungu limeisha". Sisi wa mtaji mdogo tupo hapo katikati.

Angalia wafyatuaji wa matofali ya saruji, maana wapo kila kona huku Pwani. Asubuhi wanachanganya mchanga na saruji, wanafyatua inchi 5 mpaka mchanganyiko uishe. Matofali yanapangwa chini, kesho yake yanaanza kumwagiliwa, na kwa siku 7 hivi hayatakiwi kukauka. Sasa akija mtu anataka inchi 6, hawamfyatulii 40 katikati ya kazi. Kubadilisha kalibu kunakula muda, na muda huo mashine imesimama na vibarua wamekaa wanapiga stori. Wanamwambia asubiri fungu lijalo. Hapo faida unaiona: mashine moja, watu walewale, bidhaa mbili. Na hasara unaiona vilevile: hela ya saruji imelala uwanjani inamwagiliwa maji, na uwanja ukijaa kazi inasimama hata kama saruji ipo.

Tupige hesabu ya sabuni ya maji. Tuseme kuosha pipa, kupima malighafi, kukoroga na kuandaa chupa kunakuchukua saa 2, upike kidogo au upike nyingi. Saa 2 ni dakika 120. Ukipika lita 20, kila lita imekula dakika 6 za nguvu zako. Ukipika lita 100, kila lita imekula dakika 1 na sekunde 12. Ndiyo maana kila mtu anatamani pipa kubwa. Na malighafi ukinunua nyingi kwa pamoja bei inapungua, hilo halina ubishi.

Lakini uza sasa. Kama unauza lita 5 kwa siku, zile lita 100 utazimaliza siku ya 20. Tuseme kila lita imebeba malighafi ya shilingi 1,000. Siku ya kwanza una shilingi 100,000 ndani ya pipa, siku ya kumi bado una 50,000 humo. Mtoto akidaiwa mchango shuleni, pipa halitoi chenji. Mwenye lita 20 amefungia shilingi 20,000 tu, na baada ya siku 4 anapika tena. Anachoka zaidi, ila hela yake inazunguka.

Hili halisumbui wadogo peke yao. Jirani zetu Kibaha kuna kiwanda cha serikali cha Tanzania Biotech Products, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, kinatengeneza viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu. Dawa yenyewe inatokana na bakteria wanaokuzwa kwenye matangi. Juni 2017 Rais Magufuli alipotembelea pale, dawa ilikuwepo, wanunuzi ndio hawakuwepo, mpaka akaagiza halmashauri zichukue. Wewe na mimi hatuna Rais wa kuagiza halmashauri inunue sabuni zetu.

Kuna hasara nyingine ambayo mimi nikiwa nyuma ya kaunta ndiyo naiona zaidi. Fungu likiharibika linaharibika lote. Ukikosea kipimo kwenye pipa, hujakosea chupa moja, umekosea chupa zote. Mteja anakuja: "Kaka, sabuni ya juzi ilikuwa nzito, hii mbona kama maji?" Jina lilelile, lebo ileile, fungu tofauti.

Dawa yake ni namba. Geuza boksi la dawa ya hospitali utaona toleo namba, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda. Hiyo namba si urembo. Aprili 2024 Nigeria ilipotangaza kuiondoa sokoni sirapu ya watoto ya Benylin, ilitaja toleo maalumu lililotengenezwa Afrika Kusini, na nchi nyingine za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, nazo zikachukua hatua. Mwenye duka la dawa alisoma namba, akajua zipi atoe na zipi aache. Bila namba angetoa zote.

Kwa hiyo nunua daftari. Kila fungu lipe namba, andika tarehe, kiasi cha kila malighafi, umenunua wapi, umepata lita ngapi, zimeenda duka gani. Ile namba andika kwenye chupa, hata kwa maka peni. Mteja akilalamika, muulize namba kwanza.

Na ukubwa wa fungu, hesabu kwa mauzo usihesabu kwa ukubwa wa pipa. Maandazi ni ya leo, pika ya leo. Sabuni inakaa, unaweza kwenda siku 7 hadi 10 za mauzo. Sare za shule kata nyingi Novemba na Desemba maana Januari wote wanakuja kwa mpigo, ila Machi rudi kwenye chache. Ukiona fungu jipya linaanza kabla la zamani halijafika nusu, punguza.