Bia Nyepesi: Soma Asilimia Kabla ya Jina

Wakimbiaji wengi, hasa wa vikundi vya jogging vinavyojaza barabara za Dar es Salaam kila Jumapili alfajiri, huniuliza swali moja: nikitaka bia baada ya mazoezi, ninywe ipi isiyonirudisha nyuma? Ni swali la haki. Kwetu bia na michezo vimezoeana. Hata Kilimanjaro Marathon ya Moshi imedhaminiwa na kampuni ya bia kwa miaka mingi. Jibu lake lipo kwenye maandishi madogo ya lebo, ambayo wengi wetu hatuyasomi.

Tuanze na kinachonenepesha. Watu hulaumu sukari na wanga, lakini katika bia ya kawaida sehemu kubwa ya kalori hutoka kwenye kilevi chenyewe. Gramu moja ya kilevi ina kalori 7, wakati gramu ya wanga au sukari ina 4 na ya mafuta ina 9. Tena mwili hauna ghala la kuhifadhi kilevi. Ini hulazimika kukishughulikia kwanza, na wakati huo uchomaji wa mafuta hupungua. Ndiyo maana sahani ya chipsi na nyama choma iliyosindikizwa na bia hukimbilia tumboni kwa urahisi.

Kujua kilevi kilichomo hakuhitaji mashine. Chukua ujazo wa chupa kwa mililita, tafuta asilimia yake ya kilevi, kisha zidisha kwa 0.8. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5.5, kama Safari Lager, inakupa gramu 22 za kilevi, yaani kalori 154 kabla hujahesabu wanga. Ukijumlisha na wanga unavuka 200. Mtu wa kilo 70 huunguza takribani kalori 70 kwa kila kilomita anayokimbia, kwa hiyo chupa hiyo moja ni kilomita tatu. Bia ya asilimia 4 yenye ujazo uleule ina gramu 16 za kilevi. Ukichukua chupa ndogo ya mililita 330 ya asilimia hiyohiyo, unashuka hadi gramu 10 na kidogo.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Chupa mbili ndogo za bia nyepesi zina gramu 21 za kilevi, karibu sawa na chupa moja kubwa ya ile kali. Anayehamia bia nyepesi kisha akaongeza chupa kwa sababu "hii haina kitu" karibu hajapunguza kilevi chochote.

Je, neno "lite" linaloandikwa kwenye bia nyepesi linamaanisha nini basi? Asili yake ni New York. Mwaka 1967 mwanakemia Joseph Owades, wa kiwanda cha Rheingold, alitoa bia iliyoitwa Gablinger's. Katika utengenezaji wa bia, wanga wa kimea cha shayiri huvunjwa kuwa sukari, na hamira huila sukari hiyo na kutoa kilevi. Lakini vipo vipande virefu vya wanga ambavyo hamira haiviwezi, na hivyo hubaki ndani ya bia vikiipa uzito mdomoni. Owades alitia kimeng'enya kinachovikatakata vipande hivyo, hamira ikala karibu vyote. Bia yake haikupata wanunuzi, lakini njia yake ilirithiwa na Miller Lite, iliyoenea Marekani yote mwaka 1975.

Hivyo jina "lite" mara nyingi linakuambia habari za wanga kuliko za kilevi. Mfano upo karibu: Tusker Lager ya Kenya ina asilimia 4.2 ya kilevi na Tusker Lite ina 4. Tofauti ya kilevi hapo ni ndogo sana. Anayetoka kwenye bia ya asilimia 5.5 kwenda ya 4 ndiye anayepunguza kilevi kwa zaidi ya robo, iwe chupa imeandikwa "lite" au haikuandikwa.

Usidanganywe na rangi pia. Weusi wa bia hutokana na nafaka iliyokaangwa, na haukuambii lolote kuhusu kalori. Guinness Draught, nyeusi tii, ina asilimia 4.2 tu na kalori chache kuliko lager nyingi za rangi ya dhahabu. Guinness Foreign Extra, iliyozoeleka Afrika Mashariki, ni habari nyingine: ina asilimia 6.5 au zaidi.

Kuna suala la muda. Mwaka 1997 watafiti wa Aberdeen, Susan Shirreffs na Ronald Maughan, waliwapa watu waliotoka jasho vinywaji vyenye kilevi cha viwango mbalimbali. Hadi asilimia 2, mwili ulirudisha maji yake vizuri. Kwenye asilimia 4, mkojo uliongezeka na mwili ukachelewa kurudi sawa. Kwa hiyo hata bia nyepesi ya dukani haikati kiu ya mazoezi. Misuli nayo huumia: utafiti wa Australia wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kunywa sana baada ya mazoezi, kiasi cha chupa tano kubwa kwa mtu wa kilo 70, kulipunguza ujenzi wa misuli kwa asilimia 24 hata pale washiriki walipopewa protini.

Kwa anayependa ladha ya bia mara tu baada ya kukimbia, ningemwelekeza kwenye bia isiyo na kilevi. Heineken 0.0, kwa mfano, ina kalori 21 kwa kila mililita 100, karibu nusu ya lager ya kawaida. Lakini usiichanganye na vinywaji vya kimea vyenye ladha ya matunda. Vingi vimejaa sukari kama soda.

Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha kilevi kisicho na madhara kwa afya, na kwa mjamzito au dereva ushauri wangu ni sifuri. Kama hunywi, usianze kwa ajili ya makala hii. Kama unakunywa, kunywa maji na ule kwanza, agiza chupa ndogo ya asilimia 4 au chini yake, na uamue idadi kabla ya kukaa. Ukishakaa baa, wenzako ndio watakaokuamulia.