Hedifoni Kwanza, Amplifaya Baadaye

Simu nyingi zinazouzwa Kitale kwa jina la ex-UK huja na kila kitu ila tundu la iafoni. Mnunuzi hukagua kamera, betri na kioo, akalipa, na ni jioni akiwa nyumbani ndipo anapoigeuzageuza simu akitafuta pa kuchomeka waya. Apple ililiondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016. Samsung ikafanya vivyo hivyo kwenye Galaxy Note 10 mwaka 2019, na simu za miaka hiyo, zikishachokwa na wenyewe huko Ulaya, ndizo zinazotufikia. Tecno na itel nyingi za bei ya chini bado zinalo. Ndiyo maana unaweza kumkuta mwenye kisimu cha bei rahisi akisikiliza wimbo wake kwa raha huku jirani yake mwenye simu ya maana akizunguka mjini akiulizia adapta.

Kijana anayerekodi kwaya na wapiga litungu, ala yetu ya nyuzi, kati ya Kimilili na Bungoma alifika kwenye meza yangu akiwa na simu ya aina hiyo.

"Mulembe, fundi. Nipe ile amplifaya ya simu yenye nguvu kushinda zote."

"Mulembe. Hedifoni zako ziko wapi?"

"Nimeziacha nyumbani."

"Basi rudi nazo, kijana wangu. Siwezi kukuuzia kiatu bila kuona mguu."

Alinuna kidogo, na alikuwa na haki: nauli ya matatu kupitia Kamukuywa na Kiminini hailipwi kwa majani. Lakini wanunuzi wengi wa vidude hivi hupotelea papo hapo. Wanachagua amplifaya kwa kusoma maandishi ya boksi, ilhali jibu limeandikwa kwenye hedifoni walizoziacha kitandani.

Kuna watakaouliza kwa nini asitumie Bluetooth, mambo yakaisha. Anayesikiliza tu, atumie. Tatizo ni kwamba sauti ya Bluetooth huchelewa, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mtazamaji wa filamu hatambui, kwa sababu programu nyingi huichelewesha picha pia ili viende pamoja. Lakini mtu anayepiga kinanda kupitia simu, au anayeimba sauti ya pili juu ya ile ya kwanza aliyokwisha kuirekodi, atakuwa anafukuzana na kivuli chake. Huyo anahitaji waya.

Tukiite kitu kwa jina lake, hii amplifaya ya simu, kidude cha urefu wa kidole, ni vyombo viwili katika ganda moja. Cha kwanza ni kigeuzi. Simu huhifadhi wimbo kama tarakimu, na kigeuzi huzifanya tarakimu hizo kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kama wimbo wenyewe. Cha pili ni amplifaya, inayoupa mkondo huo nguvu ya kutikisa viwambo vya hedifoni. Simu zilizokuwa na tundu zilibeba vyote viwili ndani. Tundu lilipoondoka, kazi hiyo ilihamia nje, kwenye adapta.

Au haikuhamia popote. Sokoni kuna adapta ambazo ndani yake hamna kitu ila waya. Zilitengenezwa kwa simu chache zenye uwezo wa kutoa sauti iliyokwisha kugeuzwa kupitia tundu la USB-C. Ukizichomeka kwenye simu nyingine, hupati hata mkwaruzo. Kwa macho hazitofautiki na zile nzima, na muuzaji wa kibandani huenda naye hajui. Kipimo chake ni rahisi: ichomeke adapta kwenye laptopu yenye USB-C, kisha ufungue orodha ya vifaa vya sauti. Kikitokea kifaa kipya, ndani mna kigeuzi. Orodha isipobadilika, umeshika waya mtupu. Mimi nina laptopu mezani kwa kazi hiyo tu, na adapta nilizozikuta tupu zimejaza kopo la maziwa ya unga.

Sasa nguvu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapoenda.

Kila hedifoni ina ukinzani wake, unaopimwa kwa omu, na ina wepesi wake wa kuitikia umeme, unaoandikwa kwa desibeli kwa kila miliwati au kwa kila volti. Amplifaya nayo ina volti za juu kabisa inazoweza kutoa. Chukua volti hizo, uzizidishe kwa zenyewe, ugawanye kwa omu za hedifoni. Jibu ni nguvu. Adapta ndogo ya Apple ya USB-C, ambayo Marekani huuzwa dola 9, hutoa volti 1. Ikichomekwa hedifoni za omu 32, nguvu yake ni kama miliwati 31. Amplifaya ya volti 2 kwa hedifoni hizo hizo hutoa miliwati 125.

Mtu akiona 125 mbele ya 31 anashika mfuko. Angoje. Sikio halihesabu hivyo. Nguvu ikiongezeka mara nne, sauti huongezeka desibeli 6 tu, na ili ionekane imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inapaswa kuongezeka takriban mara kumi. Chukua mfano wa Audio-Technica ATH-M50x, hedifoni zinazopendwa na maprodyusa wengi wadogo. Ni za omu 38, na hutoa desibeli 99 kwa miliwati moja. Volti 1 ya ile adapta ndogo inatosha kuzifikisha kama desibeli 113. Shirika la Afya Duniani linashauri tusipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa hiyo adapta ya bei ya mlo wa watu wawili hotelini tayari ina nguvu ya kuliharibu sikio lako. Ya ziada utaipeleka wapi?

Hesabu hugeuka ukishika hedifoni za omu nyingi. Sennheiser HD 650 ni za omu 300, na volti 1 huzifikisha desibeli 103. Namba hiyo inaonekana kubwa, lakini ni kilele. Katika rekodi ya litungu isiyobanwa, uzi ukidonolewa kwa nguvu hupiga mbali juu ya sauti ya kawaida ya wimbo, na kilele kisipopata nafasi kinakatwa kichwa. Kwa hedifoni za namna hiyo volti 2 zina kazi. Beyerdynamic DT 770 Pro nazo zimekuwa zikiuzwa za omu 32, za omu 80 na za omu 250, zote kwa umbo moja. Marafiki wawili wa Bungoma wanaweza kununua hedifoni za jina moja, mmoja akafurahi na mwingine akailaumu simu yake, kisa ni namba ambayo hakuna aliyeisoma.

Jambo moja linatuhusu sisi wa bidhaa za ex-UK hasa. Sheria za Ulaya za kulinda masikio ziliifanya Apple itengeneze adapta mbili zinazofanana. Ile ya Marekani, yenye namba A2049, hutoa volti 1. Ile ya Ulaya, A2155, hutoa nusu volti. Namba hizo zimechapishwa kwa herufi za chungu kwenye waya, kwa hiyo tembea na kijana mwenye macho. Tena adapta hiyo, ya toleo lolote, ina ugomvi na simu nyingi za Android: simu huiacha ikiwa imepunguzwa sauti ndani kwa ndani, hata uburute kitelezi cha sauti hadi mwisho. Kwenye laptopu haina shida hiyo. Kwa Android ningekutafutia adapta nyingine ndogo yenye kigeuzi, au programu kama USB Audio Player PRO, ambayo huzungumza na adapta moja kwa moja bila kupitia mlango wa Android.

Nguvu nyingi ina ubaya wake pia. Iafoni ndogo za kuingiza sikioni huitikia upesi mno, na ukizitia kwenye amplifaya kubwa unasikia mvumo kama mvua ya mbali juu ya mabati, hata wimbo ukiwa kimya. Tena sehemu kubwa ya kitelezi cha sauti inakuwa haina kazi: hatua ya kwanza kimya, ya tatu kelele. Ukija dukani, cheza rekodi yenye sehemu tulivu, upandishe sauti, usikilize kilicho nyuma yake.

Namba nyingine inayofichwa ni ukinzani wa tundu lenyewe la amplifaya. Kanuni ya mafundi ni kwamba usipite sehemu ya nane ya omu za hedifoni. Kwa iafoni za omu 16, tundu lisizidi omu 2. Adapta nzuri, hata za bei ndogo, ziko chini ya omu 1. Laptopu za zamani zinaweza kuwa na nyingi zaidi, na iafoni zenye vipaza kadhaa ndani, ambazo ukinzani wake hubadilika kwa kila noti, hupoteza sura ya sauti: besi inavimba au sauti za juu zinafifia, nawe unaulaumu wimbo.

Nikigusa laptopu, niseme kwamba huko ndiko adapta inakoleta tofauti inayosikika na mtu yeyote. Ndani ya laptopu, tundu la iafoni hukaa jirani na saketi zenye kelele. Ukisogeza kipanya unasikia mikwaruzo, diski ikifanya kazi unasikia mlio. Kigeuzi kikiwa nje, mengi ya hayo hubaki ndani. Lakini mvumo unaotokea kanisani ukiunganisha laptopu na mikisa huku chaja ikiwa ukutani ni jambo lingine. Huo hutokana na nyaya mbili za ardhi kukutana, na amplifaya ya bei yoyote haitauponya. Chomoa chaja, mvumo ukinyamaza, tafuta kisanduku cha kutenganisha ishara ya sauti, chenye transfoma ndani.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii mwenye laptopu ya Windows 7 ajue pia kwamba Windows ilianza kuvitambua yenyewe vigeuzi vinavyotumia kizazi cha pili cha kanuni za sauti ya USB mwaka 2017, kwenye Windows 10. Kabla ya hapo unahitaji draiva ya mtengenezaji. Na anayefundisha au kuhudhuria mikutano kwa intaneti aulize kama adapta inapokea maikrofoni. Nyingi za wapenda muziki hazipokei, hata ziwe ghali.

Kuhusu biti 32 na kilohezi 768 zinazong'aa kwenye boksi, sina maneno mengi. CD, iliyotoka mwaka 1982, ni biti 16 na kilohezi 44.1, na hiyo inatosha kubeba kila sauti ambayo sikio la binadamu hufikia. Nyimbo unazozisikiliza YouTube zimebanwa chini ya hapo. Usiongeze hata shilingi mia kwa ajili ya namba hizo.

Ningeongeza mia hiyo kwa waya mfupi. Amplifaya zilizo kama kijiti kigumu huning'inia kwenye tundu la chaji, na ukiketi na simu mfukoni kijiti kinakuwa wenzo. Kubadilisha sistimu ya chaji ya simu ya ex-UK kunaweza kukugharimu kuliko amplifaya. Chagua yenye waya wa inchi chache unaopinda. Kwa betri usihofu sana: kidude kinachokula miliampea 100 peke yake kingechukua zaidi ya saa 30 kuimaliza betri ya miliampea-saa 5,000. Ila kichomoe ukimaliza, kwa sababu vingi huendelea kula hata muziki ukiwa umezimwa, na stima ikipotea usiku utakumbuka.

Yule kijana alirudi na hedifoni zake kwenye mfuko wa unga. Omu 32. Mito ya masikio ilikuwa imepasuka, sifongo imechungulia nje, upande mmoja umefungwa kwa selotepu. Alilalamika kwamba nyuzi nene za litungu hazisikiki, na zeze la siilili linamchoma masikio. Nilizikandamiza hedifoni kichwani mwake kwa viganja vyangu, mito ikaziba, akafungua macho. Besi ilikuwepo muda wote. Ilikuwa inavuja pamoja na hewa.

Nilimuuzia adapta ndogo yenye kigeuzi, nikamwelekeza kwa fundi cherehani wa Bungoma anayeshona vitambaa vya viti vya matatu. Alishonewa mito mipya ya ngozi laini, sifongo na yote. Amplifaya ya volti 2 aliyoijia bado iko kwenye kabati langu la kioo. Anayeitaka aje na hedifoni zake.